Injini Kupungukiwa Nguvu Baada ya Kubadilishwa Kamshafti: Namna ya Kuitafuta Kasoro

Kivukoni ni mahali ambapo barabara itokayo Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge hukutana na Mto Kilombero. Jina lenyewe laeleza historia ya mahali hapo: kwa miaka mingi kila gari, trekta na pikipiki ilibidi kungoja pantoni ili kuvuka. Tangu mwaka 2018 wasafiri huvuka juu ya daraja lenye urefu wa mita 384, na foleni ya pantoni imekwisha. Lakini kwisha kwa foleni hakukupunguza haja ya wakazi wa bonde hili kuwa na injini zilizo nzima. Mpunga unaovunwa baada ya masika hutolewa mashambani kwa matrekta makubwa na madogo, hukobolewa kwa mashine ambazo baadhi huendeshwa kwa dizeli, kisha hupelekwa sokoni kwa malori. Bodaboda nazo huchukua abiria, magunia, na mara nyingine wagonjwa wanaokimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara.

Injini hizo zikichakaa hufunguliwa na kubadilishwa vipuri, na miongoni mwa vipuri hivyo ni kamshafti. Aghalabu kamshafti mpya inayopatikana dukani si ile ya kampuni iliyotengeneza injini, bali ni ya kiwanda kingine, na bei yake ni nafuu. Nyingine hufaa kabisa; nyingine hazilingani na injini iliyokusudiwa. Hapo hutokea jambo linalowashangaza wengi: injini iliyofungwa kipuri kipya huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa na kipuri kichakavu. Plagi hubadilishwa, kisha kabureta, kisha pete za pistoni. Mwenye chombo hulipa kila mara, na msimu wa mavuno wapita, ilhali kasoro ingali palepale.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini jambo hilo hutokea, na kuonyesha utaratibu wa kuitafuta kasoro kwa vipimo badala ya kubahatisha. Vipimo vingi kati ya hivyo havihitaji vyombo vya gharama kubwa.

KAZI YA KAMSHAFTI

Injini nyingi za magari, matrekta na pikipiki hufanya kazi kwa mipigo minne, utaratibu ambao Nikolaus Otto wa Ujerumani alifanikiwa kuutumia mwaka 1876. Katika mpigo wa kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa, au hewa iliyochanganyika na petroli. Katika mpigo wa pili hupanda na kuigandamiza. Katika mpigo wa tatu mafuta huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu; huu peke yake ndio mpigo unaozalisha kazi. Katika mpigo wa nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi.

Milango ya silinda ni valvu: ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi. Valvu hufungwa na springi zake, lakini kinachozifungua ni kamshafti. Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye vinundu vilivyochongwa mfano wa yai. Mhimili unapozunguka, ncha ya kinundu huinua tapeti au roka, nayo roka huisukuma valvu ikafunguka. Umbo la kinundu huamua mambo matatu: valvu ifunguke wakati gani, ifunguke kwa kina gani, na ikae wazi kwa muda gani.

Kwa kuwa mipigo minne huchukua mizunguko miwili ya krenki, na kila valvu hufunguka mara moja tu katika mipigo hiyo, kamshafti lazima izunguke mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Ndiyo sababu gurudumu la kamshafti lina meno mara mbili ya lile la krenki. Katika pikipiki nyingi kamshafti iko juu, kwenye kichwa cha silinda, na huzungushwa kwa cheni. Katika zile zinazofuata muundo wa Honda CG125, pikipiki iliyotolewa mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, kamshafti iko chini karibu na krenki. Huzungushwa kwa giya, na kinundu kimoja tu huendesha valvu zote mbili kwa njia ya pushrodi.

Ingeweza kudhaniwa kwamba valvu ya hewa hufungwa mara pistoni inapofika chini kabisa na mpigo wa kuvuta unapomalizika. Sivyo. Hewa ina uzito. Ikishaanza kukimbia ndani ya bomba haitaki kusimama mara moja. Kwa hiyo mtengenezaji huiacha valvu wazi kidogo baada ya pistoni kuanza kupanda, ili hewa inayokuja kwa kasi iendelee kujaza silinda. Injini inapokwenda mbio hewa hiyo ina kasi kubwa, na faida huonekana. Injini inapokwenda polepole hewa haina kasi, na pistoni inayopanda huirudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Hewa ikipungua, mgandamizo hupungua. Mgandamizo ukipungua, nguvu hupungua.

Kwa kifupi, valvu ya hewa inayochelewa kufungwa huipa injini nguvu katika mwendo wa kasi na kuinyang'anya katika mwendo wa polepole. Inayowahi kufungwa hufanya kinyume chake. Kanuni hii moja ndiyo inayofumbua mengi kati ya mafumbo yatakayoelezwa hapa chini.

JINO MOJA LA GURUDUMU

Kasoro ya kwanza kufikiriwa ni ya ufungaji. Magurudumu ya krenki na ya kamshafti yana alama ambazo lazima zikae mahali pake wakati wa kufunga. Cheni ikiruka jino moja, alama zitaonekana kana kwamba zimekosana kidogo tu. Hesabu yaonyesha kwamba kosa hilo si dogo hata kidogo.

Ichukuliwe kamshafti yenye gurudumu la meno 32. Mzunguko mzima una nyuzi 360. Nyuzi 360 zikigawanywa kwa 32, kila jino ni sawa na nyuzi 11.25 za kamshafti. Lakini krenki huzunguka mara mbili ya kamshafti. Kwa hiyo jino moja ni sawa na nyuzi 22.5 za krenki. Ikiwa valvu ya hewa ilipaswa kufungwa nyuzi 40 baada ya pistoni kuanza kupanda, sasa itafungwa baada ya nyuzi 62.5. Injini kama hiyo huweza kuwaka na kunguruma, ila haitavuta mzigo inapoondoka, na mgandamizo wake ukipimwa utakuwa chini. Fundi asiyejua sababu atasema pete za pistoni zimekwisha, nazo hazina kosa lolote.

Jino likiruka upande wa pili, valvu zitawahi. Valvu ya hewa itaanza kufunguka wakati pistoni ingali inakaribia juu, na katika baadhi ya injini vyuma hivyo viwili vitagongana. Valvu iliyopinda haifungiki sawasawa tena, na kichwa cha silinda hakina budi kufunguliwa upya.

Ziko pia kamshafti na magurudumu mbadala ambayo alama yake haikupigwa mahali pake, au tundu la pini limetobolewa pembeni kidogo. Hapo alama hukubaliana kabisa, na bado wakati wa valvu si sahihi. Kwa hiyo kukubaliana kwa alama ni ushahidi mzuri, lakini si ushahidi wa mwisho.

UMBO LISILOLINGANA

Kasoro ya pili ni ya umbo la vinundu. Kamshafti inaweza kuingia mahali pake bila shida yoyote, na vinundu vyake vikawa vimechongwa kwa ajili ya injini nyingine. Njia rahisi ya kuligundua jambo hili ni kupima kamshafti zote mbili, ya zamani na mpya, kwa venia kabla ya kufunga. Hupimwa kwanza urefu wa kinundu kutoka ncha hadi mgongoni, kisha upana wake pale palipo duara. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi ambacho kinundu kinainua. Mathalani, kinundu chenye urefu wa milimita 32 na duara la milimita 26 kinainua milimita 6. Ikiwa mpya ina urefu wa milimita 31 na duara lilelile, inainua milimita 5 tu, na injini itakosa hewa hasa katika mwendo wa kasi.

Ziko kamshafti kuukuu zilizosagwa upya na kuuzwa kama nzima. Ili kuirudisha ncha iliyolika, msagaji hupunguza duara la mgongoni. Kiasi cha kuinua huweza kuwa sahihi, lakini roka hushuka chini kuliko kawaida, nafasi ya tapeti huwa kubwa, na pengine skrubu ya kurekebishia hufika mwisho wake kabla ya kipimo kupatikana.

Namna nyingine ni kamshafti za mashindano, ambazo huuzwa kwa sifa ya kuongeza mbio. Hizi huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi. Ni kweli kwamba huongeza nguvu, lakini kwa kanuni iliyokwisha elezwa nguvu hiyo huja katika mwendo wa kasi sana, na hulipiwa kwa udhaifu katika mwendo wa chini. Bodaboda iliyopakia abiria na gunia, ikitoka katika tope jeusi la bonde au ikipanda milima ya Mahenge, hufanya kazi zaidi katika mwendo wa chini. Kamshafti ya namna hiyo ikifungwa vizuri kabisa bado haitamfaa mwenye chombo. Hapo hakuna kasoro ya kutafutwa. Dawa ni kurudisha kamshafti ya kazi.

DALILI NA MAANA YAKE

Injini huongea kwa dalili, na kila dalili humwonyesha fundi pa kuanzia.

Injini isiyovuta mwendo wa chini lakini huchangamka ikienda mbio: valvu zinachelewa, au kamshafti ni ya mashindano.

Injini inayovuta vizuri mwanzoni kisha huishiwa pumzi: valvu zinawahi, au vinundu vinainua kidogo, au springi za valvu zimelegea na haziwezi kuzifunga kwa haraka inayotakiwa.

Injini inayotikisika inapounguruma bila kuongezwa mafuta, na mgandamizo wake ni mdogo: huenda nafasi ya tapeti ni ndogo mno, valvu hazifungiki kabisa. Dalili hii isipuuzwe, kwa kuwa valvu ya moshi isiyokaa vizuri kwenye kiti chake huungua.

Mlio wa kugongagonga juu ya injini: nafasi ya tapeti ni kubwa, au uso wa kinundu au wa roka umeanza kulika.

Mlio mzito wa chuma kugonga chuma tangu injini inapowashwa: izimwe papo hapo, kwani valvu huenda inaigusa pistoni.

Kurudisha moto kwenye kabureta au kulipuka katika bomba la moshi: wakati wa valvu au wa cheche umekosewa. Katika pikipiki nyingi za sasa wakati wa cheche hutawaliwa na kifaa kilicho kando ya sumaku ya krenki. Kubadilisha kamshafti hakuubadilishi. Lakini katika magari ya zamani kama Land Rover za petroli, kigawa umeme huzungushwa na kamshafti yenyewe. Kamshafti ikitolewa, wakati wa cheche lazima uwekwe upya.

UTARATIBU WA UCHUNGUZI

Sheria ya kwanza ya uchunguzi wowote wa kisayansi ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha plagi, kabureta na tapeti kwa siku moja hatajua ni kipi kilichoponya injini, au ni kipi kilichoiongezea ugonjwa. Utaratibu ufuatao huanza na lililo rahisi na kuendelea hadi lililo gumu.

Kwanza, yaangaliwe yale yasiyohusu kamshafti: chujio la hewa, mafuta, na breki zinazoshika. Mashine za kukoboa mpunga hufanya kazi katikati ya vumbi la pumba, na chujio lililoziba hutoa dalili zinazofanana sana na za kamshafti mbaya.

Pili, injini ikiwa baridi, nafasi ya tapeti ipimwe kwa fila. Kwa pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, kwa injini nyingi za dizeli huwa kati ya 0.20 na 0.40. Kipimo cha kufuatwa ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha injini inayohusika.

Tatu, mgandamizo upimwe. Ukiwa mdogo, matone machache ya oili yatiwe ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, kisha upimwe tena. Kipimo hiki ni cha injini za petroli. Ukipanda sana, oili imeziba mwanya wa pete, na kosa ni la pete au silinda. Usipopanda, pete zisiguswe. Kosa ni la valvu au la wakati wake. Kipimo hiki kidogo huokoa fedha nyingi. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya kamshafti za pikipiki zina kifaa kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili kiki iwe nyepesi. Kwa injini hizo mgandamizo unaopimwa kwa kiki utaonekana mdogo ingawa hauna kasoro.

Nne, uangaliwe wakati wa valvu kwa macho. Kifuniko cha roka kifunguliwe na krenki izungushwe kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi. Katika nukta hiyo valvu ya moshi inamalizia kufungwa na ya hewa inaanza kufunguka. Katika injini nyingi za kawaida, zote mbili zitakuwa wazi kidogo, kwa kiasi kinachokaribiana. Ikiwa ya hewa imefunguka sana na ya moshi imekwisha fungwa, kamshafti inawahi. Ikiwa ya moshi ingali wazi sana na ya hewa haijaanza, kamshafti inachelewa. Jambo hili huonekana bila chombo chochote isipokuwa mikono na macho.

Tano, ikiwa mashaka bado yapo, wakati upimwe kwa nyuzi. Sahani ya duara iliyogawanywa nyuzi 360 hufungwa kwenye ncha ya krenki, na waya mgumu huwekwa kuwa mshale. Kikomo cha juu cha pistoni kisikadiriwe kwa macho, kwa kuwa pistoni ikikaribia juu husogea kidogo sana huku krenki ikizunguka nyuzi kadhaa. Hutumiwa kizuizi, kama vile plagi kuukuu iliyotolewa kauri yake na kutiwa bolti yenye ncha ya mviringo. Krenki huzungushwa taratibu upande mmoja mpaka pistoni iguse kizuizi, na alama huwekwa; huzungushwa upande wa pili, na alama nyingine huwekwa. Katikati ya alama hizo ndipo kilipo kikomo cha juu. Baada ya kizuizi kutolewa, krenki huzungushwa na husomwa nyuzi ambazo kila valvu hufunguka na kufungwa. Nyuzi hizo zikilinganishwa na kitabu cha injini, hukumu hupatikana.

Mwisho kabisa ndipo kabureta irekebishwe. Kamshafti inayoziacha valvu zote mbili wazi kwa muda mrefu hupunguza mvuto wa hewa katika mwendo wa chini, na kabureta huhitaji kurekebishwa ili ilingane nayo. Lakini kabureta haiwezi kuponya jino lililoruka. Fundi anayeanza na kabureta hufunika dalili, na kuifanya kasoro yenyewe iwe ngumu zaidi kuonekana.

TAHADHARI KWA INJINI ZA DIZELI

Dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto linalotokana na kugandamizwa kwa hewa, na kwa sababu hiyo hewa hugandamizwa zaidi kuliko katika injini ya petroli. Valvu ya hewa ikichelewa kufungwa, hewa iliyobaki haipati joto la kutosha. Injini huwa ngumu kuwaka asubuhi na hutoa moshi mweupe, yaani dizeli isiyoungua. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, na moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua.

Katika injini ya dizeli pistoni ikifika juu hukaribiana mno na valvu. Kosa la jino moja, ambalo katika injini fulani za petroli lingepunguza nguvu tu, katika dizeli huweza kuvunja. Kwa hiyo baada ya kufunga kamshafti, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki kabla ya kuwashwa. Ikikwama isilazimishwe, sababu itafutwe.

Katika baadhi ya injini za dizeli za silinda moja, mhimili uleule wenye vinundu vya valvu husukuma pia pampu ya dizeli. Hapo kamshafti yenye kasoro huharibu mambo mawili kwa pamoja: wakati wa hewa na wakati wa mafuta. Katika injini zenye giya la kati, alama zikishapangwa na injini ikazungushwa, huenda zisikutane tena mpaka baada ya mizunguko mingi. Fundi asiyelijua hilo huifungua kazi ambayo ilikuwa sahihi.

BARABARA KAMA KIPIMO

Baada ya matengenezo injini hujaribiwa barabarani, na hapa pia utaratibu unahitajika. Sehemu tambarare ya kutoka Ifakara hadi Kivukoni huonyesha jinsi injini inavyokwenda katika mwendo wa kasi. Mwinuko wa kwenda Mahenge huonyesha jinsi inavyovuta katika mwendo wa chini. Injini iliyofaulu katika moja na kushindwa katika nyingine imekwisha toa ushahidi juu ya wakati wa valvu zake.

Lakini ulinganisho uwe wa haki. Mahenge iko zaidi ya mita 500 juu ya bonde, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Upungufu huo si kosa la kamshafti. Kwa hiyo jaribio la kabla na la baada ya matengenezo lifanywe kwenye mwinuko uleule, kwa mzigo uleule na giya ileile, na matokeo yaandikwe.

KUIFUNGA NA KUIZOESHA

Kamshafti iliyo sahihi huweza kuharibiwa katika dakika zake za kwanza za kazi. Katika injini zenye tapeti bapa, uso wa kila tapeti huzoeana na kinundu chake. Tapeti kuukuu zikiwekwa juu ya kamshafti mpya, hukwaruza na kuila. Tapeti mpya ziende na kamshafti mpya. Na ikiwa kamshafti ya zamani inarudishwa, kila tapeti irudi kwenye kinundu chake chenyewe. Katika pikipiki uso wa roka uchunguzwe vivyo hivyo, na roka iliyolika isirudishwe.

Vinundu na tapeti vipakwe oili nzito au mafuta maalumu kabla ya kufungwa, oili ya injini iwe mpya na safi, na matundu ya kupitishia oili yazibuliwe. Chombo kilichopita katika maji ya mafuriko huweza kuwa kimeingiza maji na tope ndani ya oili. Kufunga kamshafti mpya katika oili kama hiyo ni kuipoteza. Kwa injini za petroli zenye tapeti bapa, watengenezaji wengi huagiza kwamba baada ya kuwaka injini isiachwe ingurume polepole, bali ishikiliwe katika mwendo wa wastani kwa muda wa dakika 20 hivi, kwa sababu oili inayorushwa na krenki haifiki ya kutosha juu ya vinundu katika mwendo wa chini kabisa. Kwa injini nyingine yafuatwe maagizo ya kitabu chake. Injini ikishapoa, nafasi ya tapeti ipimwe tena.

KAMSHAFTI KUUKUU ISITUPWE

Mazoea ya gereji nyingi ni kuitupa kamshafti kuukuu katika lundo la vyuma chakavu mara tu mpya inapoingia. Hiyo ni hasara. Pale ambapo kitabu cha injini hakipatikani, kamshafti ya zamani, hata kama ncha za vinundu vyake zimelika, bado inahifadhi mambo ambayo hayajalika: upana wa duara la mgongoni, mahali pa tundu la pini, na pembe iliyopo kati ya alama na vinundu. Ni barua iliyoandikwa na mtengenezaji katika chuma. Ikilazwa kando ya kamshafti mpya juu ya meza na pini zake zikaelekezwa upande mmoja, tofauti ambayo ingemgharimu mwenye chombo wiki kadhaa za matengenezo huonekana kwa dakika chache.

Mwenye bodaboda au mashine ya kukoboa anayepeleka injini kwa fundi anayo haki ya kuomba mambo matatu: arudishiwe kamshafti yake kuukuu, aandikiwe vipimo vya tapeti na mgandamizo kabla na baada ya kazi, na asiuziwe kipuri cha pili kabla kile cha kwanza hakijapimwa. Fundi mwenye ujuzi hataona taabu kuyatimiza. Kwa mkulima ambaye mpunga wake uko uwanjani na wingu la mvua liko juu ya milima ya Udzungwa, tofauti kati ya fundi anayepima na fundi anayebahatisha huweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mavuno na hasara.